Mama Pole na Shikamoo za Getini

Mwisho wa mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri kama ilivyo kawaida yake, muuguzi wetu wa Chumba cha Chanjo atavua koti lake jeupe, atalitundika nyuma ya mlango, na safari hii hatalirudia. Anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika kituo chetu hiki cha afya, na ukiondoa miaka miwili ya mwanzo aliyokaa wodi ya wazazi, yote katika chumba kimoja. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa jarida nimweleze. Nimewaambia sawa, na mnaonifahamu mnajua sawa yangu ilivyo.

Wamenichagua mimi, mtoa dawa wa dirisha la pili, kwa sababu moja tu: dirisha langu linatazamana na mlango wake. Nimewaona walioingia mle kwa kishindo na kutoka wakifuta machozi, akiwemo kocha mmoja wa ngumi ambaye sitamtaja. Kwa hiyo haya nisemayo sikuyasikia mtaani, niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nimesimuliwa na wenyewe.

Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wenu hamlijui. Hata yeye ukimwita kwa jina hilo hugeuka kutazama ni nani anayeitwa. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Pole, na jina hilo lina historia. Wauguzi wote duniani humdunga mtu kwanza, halafu akishakunja uso ndipo humwambia pole. Yeye alianza na pole. Anakutazama machoni, anakwambia pole kana kwamba umefiwa, kisha ndipo sindano inaingia. Wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwake walifundishwa pole kabla ya kufundishwa kushika bomba la sindano. Alikuwa akiwaambia kwamba pole ya baadaye ni ya kujitetea, lakini pole ya mwanzo humpa mtu nafasi ya kujikaza.

Kabla ya hiyo pole kulikuwa na jambo jingine. Mtu akishakaa kwenye kiti, Mama Pole alikuwa akimuuliza amesikia nini. Hakumuuliza kama anaogopa, maana mtu mzima ukimuuliza hivyo atakwambia haogopi kitu. Alimuuliza amesikia nini huko mtaani kuhusu chanjo, na watu, ukiwapa mlango, huingia na mizigo yao yote. Wapo waliosikia kwamba chanjo inakata uzazi. Wapo walioambiwa na shemeji kwamba kinga ya Mungu inatosha. Bibi mmoja alidai watoto wa zamani hawakuchanjwa na wakaishi vizuri tu. Mama Pole alimkubalia kwamba walioishi waliishi kweli, kisha akamuuliza kwa upole mama yake alizaa wangapi na akakuza wangapi. Yule bibi akahesabu kwa vidole, halafu akampakata mjukuu wake na kumkunjia mkono wa gauni.

Alikuwa hawacheki. Mimi nilikuwa nawacheka, kwa siri, nyuma ya makopo ya dawa, na aliponikamata alinisema hadi nikakosa pa kuweka uso. Mzazi ambaye mtoto wake alichanjwa asubuhi na jioni akachemka homa, alisema Mama Pole, hana sababu ya kukuamini wewe kwa sababu tu umevaa koti. Mwenye hofu aelezwe, asitukanwe. Kuuliza si ujinga.

Mafanikio yake ni mengi, na mganga mkuu atayasoma siku ya sherehe kwa sauti yake ile ya kutangaza matokeo. Mimi nitataja moja tu. Mwaka ule umeme ulipokatika mji mzima na jenereta letu likagoma, Mama Pole alibeba chanjo zote kwenye kasha la barafu, akavuka barabara, akaingia dukani kwa muuza soda mwenye jenereta lake mwenyewe. Alitoa chupa zote kwenye friji akazipanga chini sakafuni, akaingiza chanjo zake na kipimajoto, kisha ndipo akaomba ruhusa. Mtaa mzima ulikunywa soda ya moto wiki ile, na hakuna aliyelalamika zaidi ya mimi.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika, maana bila hili nitakuwa nimemsifia nusu mtu.

Pale getini kwetu yupo mlinzi tunayemwita Babu Geti. Alipoajiriwa alikuja na kichwa cheupe pe, mvi za kujaa, hata nyusi. Siku yake ya kwanza kila aliyepita alimwamkia, kama inavyotupasa. Shikamoo babu. Marahaba. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameletewa kiti chenye mto. Kufikia mwisho wa mwezi chai ya saa nne ilianzia kwake kabla ya kufika kwa mganga mkuu, na hakuna aliyemwachia abebe kitu kizito. Mama Pole naye, kila asubuhi, alikuwa akikunja goti kidogo pale getini na kumwamkia, na Babu Geti humwitikia marahaba mwanangu, kwa sauti ya taratibu ya mzee aliyeona mengi. Miaka yote hiyo ilikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza umri wake. Ungeanzaje kumuuliza mtu mwenye kichwa kile?

Mwaka juzi ikaingia ndui ya nyani. Mnaikumbuka. Si ile ndui ya kale iliyoua babu zetu, hiyo ilishakwisha duniani, ila ni ndugu yake, yenye homa na vipele vinavyojaa usaha. Kila simu ilikuwa na picha yake, na kila mwenye simu alikuwa daktari. Watu waliacha kupeana mikono, wengine wakaacha hata kuja kliniki. Chanjo ilipoletwa ilikuwa kidogo mno, ya kuanzia tu, na maagizo yalisema wapewe kwanza wale wanaowagusa wagonjwa. Babu Geti alikuwa miongoni mwao, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua milango ya magari na kusaidia kuwashusha wasiojiweza.

Mama Pole alitupitia mmoja mmoja. Alipofika kwa Babu Geti alimkunja mkono wa shati akaona kovu, pana, lililobonyea, la siku nyingi. Akatazama kovu, akatazama mvi. Kwa mtu wa fani yake jibu lilikuwa wazi: huyu ni wa kizazi kilichochanjwa ndui ya zamani utotoni, kabla chanjo ile haijasimamishwa, na waliochanjwa enzi zile wana kinga fulani hata kwa hii ndugu yake. Akamwambia babu, wewe tayari una akiba ya mwili, ngoja mzigo wa pili. Dozi yake akampa binti anayefua mashuka ya wodini, ambaye alikuwa hana kinga yoyote. Babu Geti aliteremsha mkono wa shati, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake.

Haikuchukua muda. Babu Geti alimpokea mgonjwa aliyeletwa nyuma ya pikapu, akambeba mikononi hadi ndani kwa sababu machela yalikuwa yamekwenda kwingine. Siku kadhaa baadaye akaanza homa, kisha vipele, na kimoja kikatokea pembeni kabisa ya jicho la kushoto. Alilazwa wodi ya kutengwa, uso umevimba, na daktari wa macho alipotoka mle hakutaka kutuahidi chochote. Jamani, mlinzi bila macho ni nini? Ana watoto wanaosoma. Tulikuwa tukipita pale kwenye kiti kitupu tukitazama chini.

Na mtaani je? Ilichukua asubuhi moja. Babu Geti wa kituo cha afya, aliyechanjwa tangu zamani na kuthibitishwa na Mama Pole mwenyewe, ameshikwa na ndui. Kwa hiyo chanjo ni bure. Kwa hiyo kinga ni hadithi. Mzigo wa pili wa chanjo ulifika, ukakaa kwenye friji, na mabenchi ya Chumba cha Chanjo yakawa matupu kuanzia mlangoni hadi kwenye dirisha langu. Hata mama waliokuwa wakileta watoto kwa chanjo ya surua waliacha. Huko wodini vitanda vilikuwa vinajaa, na wawili kati ya waliolazwa walikuwa watoto wadogo. Sijawahi kumwona Mama Pole amekaa bila kazi, na sitaki kumwona hivyo tena. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Kilichomsumbua ni kutoelewa. Basi akavaa gauni la kinga, glavu na barakoa, akaingia wodi ya kutengwa, akavuta kistuli karibu na kitanda cha Babu Geti. Alimwomba amsimulie siku aliyochanjwa ndui utotoni. Ilikuwa shuleni au nyumbani? Nani alimshika? Alitaka kujua kama ile chanjo ilikosewa. Babu Geti aligeukia ukutani. Kisha akamwita mama, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamwambia kwamba wakati ule wa chanjo ya ndui yeye alikuwa bado hata hajazaliwa.

Kovu lile lilikuwa la chanjo ya kifua kikuu, ile ya watoto wachanga. Lilipanuka kwa sababu lilifanya kidonda na utotoni alilikuna hadi likabonyea. Na mvi ni za kwao. Baba yake, baba zake wadogo, wote walipata mvi kabla ya kufika thelathini. Ukweli ni kwamba Mama Pole angeweza kumzaa. Alikuwa akimkunjia goti kijana wa umri wa mtoto wake wa kwanza!

Alimweleza yote pale kitandani, na machozi yake hayakuwa ya homa peke yake. Siku ya kwanza kazini alimwitikia msichana mmoja wa shule ili asimwaibishe. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Kisha kikaja kiti, na kutoka hapo angeanzia wapi kukataa? Nyumbani kwao yeye ni kitinda mimba, huko hakuna aliyewahi kumwamkia. Siku ile ya chanjo alielewa kwamba anahesabiwa mzee, lakini kusema ukweli mbele ya wafanyakazi wote aliona ni kama kuvuliwa nguo hadharani. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Huyu alificha ujana, na ulikaribia kumuumbua vilevile.

Mama Pole hakumlaumu hata kidogo. Alisema mwenye kuchanja ndiye mwenye wajibu wa kuuliza. Yeye anayemuuliza kila mtu amesikia nini, huyu hakumuuliza amezaliwa lini, kwa sababu ya heshima. Alikwenda kwa mganga mkuu akasema anataka kuwaeleza watu. Mganga mkuu alimsihi asubiri, na hakuwa mtu mbaya katika hilo. Aliona kwamba watu wameshapoteza imani na chanjo, sasa wakisikia na mchanjaji naye alikosea, nani atabaki? Mama Pole alijibu kwamba kwa sasa chanjo ndiyo inayobebeshwa kosa lake, na chanjo haina mdomo wa kujitetea.

Lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Alirudi kwa Babu Geti kumwomba ruhusa, akamweleza kwamba akikataa hakuna atakayejua, wala upendo wake kwake hautapungua. Babu Geti aliomba kwanza ashauriane na mke wake. Mke wake, kupitia dirisha la wodi, alicheka hadi akakaa chini, maana muda wote alidhani pale kazini tunamwita babu kwa utani. Alipomaliza kucheka alimwambia mumewe kwamba wale watoto wawili waliolazwa wana mama zao kama yeye, na kwamba kiti si uhai. Babu Geti akaruhusu.

Asubuhi iliyofuata Mama Pole alisimama getini, kando ya kile kiti kitupu, hakutaka kipaza sauti. Waliokuwa wakipita walisimama, wa sokoni wakasogea. Aliwaambia chanjo haikumwangusha mlinzi kwa sababu haikuwahi kuingia mwilini mwake. Yeye ndiye aliyekosea. Aliona kovu akadhani ni la ndui, aliona mvi akadhani ni za uzee, akampa mwingine dozi iliyokuwa yake. Alisema hivyo bila kupunguza, na mimi niliyekuwa nimetoka nje nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Mama mmoja muuza nyanya akauliza kutoka nyuma kama ni kweli kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimpa shikamoo yule kijana. Mama Pole akasema ni kweli, kila siku, na goti juu yake. Ala! Kicheko kilichoanza pale kiliwatoa wagonjwa wodini kuja kutazama. Walicheka mpaka wengine wakashikana, nao hawakuwa wameshikana mikono kwa wiki kadhaa. Walipotulia hawakuondoka. Walianza kumuuliza. Chanjo hii mpya ina maudhi gani? Mkono utauma, alisema, na wengine watapata homa. Kinga yake inadumu miaka mingapi? Hilo alisema halijui, na wanaolichunguza bado hawajamaliza. Mzee mmoja alisema mbele ya wote kwamba mtu anayekiri asilolijua, yeye atampa mkono wake. Akakunja mkono wa shati palepale, na kovu lake lilikuwa la ndui kweli.

Si wote waliorudi. Wapo waliokwenda zao wakitikisa kichwa, na Mama Pole alitukataza kuwasema. Lakini mabenchi yalijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi za dirisha langu, wakaniziba hewa siku nzima, na sikulalamika. Wale watoto wawili walipona wakaruhusiwa. Tangu hapo kila anayeingia Chumba cha Chanjo huulizwa mwaka aliozaliwa, awe na mvi au asiwe nazo. Dada zetu wa ofisi ya mapokezi wameteseka sana na swali hilo. Mmoja amezaliwa miaka mitatu tofauti kutegemea na nani yuko karibu.

Babu Geti alipona, lakini sitawadanganya kwenye jarida la kumsifu mtu msema kweli: jicho la kushoto halikurudi lote. Anaona nalo kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye ukungu, na mashavuni amebaki na alama. Siku aliyorudi kazini alikuwa amenyoa kipara ili asimdanganye mtu tena. Alisimama kando ya kiti, hakukikalia. Mama Pole alipofika, goti lilianza kukunjika lenyewe kwa mazoea, lakini mlinzi akamuwahi. Shikamoo, mama.

Hakuitikia. Alisimama pale na mkoba wake, akamtazama lile jicho, midomo ikimcheza. Kisha akasema pole. Maisha yake yote ametanguliza pole kabla ya maumivu, na hiyo moja ndiyo pekee niliyoisikia ikimtoka baadaye. Alilia, na mlinzi akalia, na mimi nikaingia dirishani kwangu kuhesabu vidonge ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Alipojipangusa alimshika bega akamkalisha kwenye kile kiti. Alimwambia kiti ni cha anayesimama kutwa nzima, hakikuwahi kuwa cha nywele.

Toka siku ile mlinzi alijipa kazi ya ziada. Anasema alipokea shikamoo zisizokuwa zake kwa miaka mingi, na lazima azirudishe zote kwa mwenyewe. Kwa hiyo Mama Pole akiingia, shikamoo. Akitoka kununua vocha, shikamoo. Akirudi, shikamoo. Siku hizi unaweza kujua yuko wapi kwa kusikiliza tu getini. Yeye humwitikia marahaba mwanangu, na safari hii ni mwana kweli.

Mama Pole, dada yetu, asante. Asante kwa mikono ya watoto wetu, na asante kwa kutufundisha kuuliza kwanza na kusema ukweli hata unapotuchoma. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatishwa na kengele, na wajukuu wasioogopa sindano. Wafanyakazi wote wameshaandika maneno yao ya kwa heri kwenye kadi yako kubwa, isipokuwa mmoja. Nilimpelekea kalamu mpaka kwenye kiti chake, akanirudishia. Amesema yeye haagi, maana zile shikamoo hazijafika hata nusu. Basi tafadhali, kila utakapopata nafasi, pitia getini. Kuna mtu hajamaliza kukuamkia.